Kitabu Kilichohamia Kichwani kwa Harithi

Jumapili, 2 Mei 2004

Basi ndiyo hivyo. Kitabu kipya cha sheria za vita vya mezani hakitachapishwa. Kitakuwa kwenye intaneti tu! Leo tumesoma barua ya yule mwalimu wa kujitolea aliyetuachia sanduku la askari wadogo wa bati, dadu na kitabu cha zamani, ambacho sasa kimefutwa. Mzee Batholomeo, mwenyekiti wetu na mwenye karakana ya useremala tunamochezea, amekasirika kweli. Anasema sheria isiyoshikika mkononi ni uvumi. Desturi yetu watu wakibishana: mikono mapajani, mtu asiguse askari, kitabu kisomwe. Sasa kisomwe nini? Kompyuta hatuna, na pale kafe printa imekufa tangu Pasaka.

Nikasema nitakihifadhi chote. Wakacheka. Wacheke! Mimi chuoni hapa Majengo nilihifadhi juzuu kumi za Kurani nikiwa mtoto. Sheria za askari wa bati ndizo zinishinde?

Jumamosi, 8 Mei

Saa nzima kafe. Ukurasa unafunguka kwa mbinde. Nimetoka na sura mbili, nikazirudia njia nzima mpaka dukani kwangu. Mteja wa khanga akadhani namsomea dua, akaitikia amina.

Jumatano, 26 Mei

Sura zote tisa! Shamila, mwalimu wa hesabu na mwenzetu mezani, tumekwenda naye kafe kunipima. Yeye kakodolea kompyuta, mimi nimeipa mgongo nasoma. Halijaanguka neno. Tuliporudi karakanani Mzee Batholomeo akatangaza: kuanzia leo kitabu ni Harithi. Shamila akauliza, na akiwa anacheza mwenyewe je? Mzee akasema kitabu kikianza kudanganya, yeye atapasua meza afanye kuni.

Jumapili, 13 Juni

Nimeingia fainali! Na Shamila, tena. Kanifunga miaka miwili mfululizo, na sanduku la askari hukaa kwa mshindi mwaka mzima. Liko kwake, juu ya kabati, limefunikwa kitambaa alichodarizi mwenyewe. Mwaka huu linahama.

Siri yangu ni farasi. Sura ya sita inawaruhusu kushambulia zamu mbili mfululizo. Shamila alipanga jeshi lake akifikiria mizinga. Hana habari.

Jumamosi, 19 Juni

Nimekwenda kafe kupiga marejeo tu, na sura ya sita imebadilika! Farasi wakishashambulia, sharti wapumzike zamu moja. Chini wameandika: imerekebishwa Jumatatu. Kitabu gani hicho kinachorekebishwa watu wamelala? Cha karatasi kisingethubutu. Nimesoma mara tatu kwa hasira, na mimi nikisoma kitu mara tatu hakitoki tena.

Hakuna anayejua. Shamila anasahihisha mitihani, kafe hajafika wiki tatu. Halafu alichokitangaza Mzee ni kitabu nilichohifadhi mwezi wa Mei, si hiki cha Jumatatu. Hoja hiyo ni nzito. Nimeitoa mbele ya kioo mara mbili na imesimama. Kesho farasi wanapita, na wala sina wasiwasi.

Jumapili, 20 Juni, jioni

Naandika nyuma ya karakana, nimekalia gogo la mninga. Upepo na vumbi. Mchezo haujaisha.

Farasi wangu wamevunja ubavu wote wa kushoto wa Shamila. Mzee Batholomeo kapiga mluzi! Bendera ya Shamila ikabaki shibiri moja mbele yangu, haina hata mlinzi; nikiichukua nimeshinda. Nikawasogeza farasi kwa shambulio la pili. Hapo Shamila akauliza, taratibu, bila ubaya wowote: hawa hawapumziki?

Mzee akasema: "Mikono mapajani. Haya Harithi, kitabu kinasemaje?"

Sura ya sita ninazo mbili, ya Mei na ya Juni, neno kwa neno zote. Nikafungua mdomo niseme ya Mei. Ikaja ya Juni. Nikaufunga. Hoja yangu ya mbele ya kioo hata sikuiona ilikokwenda. Nikasema naomba dakika kumi nikumbuke vizuri.

Dakika kumi! Mimi! Toka Mei sijaomba hata moja, wananiuliza huku natafuna karanga nawajibu. Mzee akaniangalia kidogo, akasema haya, nenda mwanangu. Naona aibu, na sijui ya nini, maana sijadanganya mtu. Sanduku lile nalitaka. Nalitaka sana.

Shamila ametoa kichwa dirishani, ananiuliza kama naumwa, kama anitafutie maji. Nimemwambia naja, dakika moja.

Nyuma yake namwona Mzee Batholomeo ameinama mezani. Anawanyanyua farasi wangu mmoja mmoja, anawarudisha walipokuwa kabla ya shambulio la pili. Na mimi bado sijasema neno!