Mkono wa Vidole Vinne kwenye Shuka za Memsahibu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla sijachanganyikiwa kabisa, maana mimi nafua nguo katika nyumba ya Wazungu hapa Njombe, na pale tuna mashine ya kukamulia, ile ya kuzungusha kwa mkono, yenye mipira miwili minene, mirefu kama michi, inayobana shuka katikati, na kabla yangu aliitumia Idda, mdogo wake mama mkwe wangu Hulda, ikamkata kidole cha mwisho, baadaye akafa kwa homa nami nikarithi kazi yake. Sasa mipira imeanza kutoa utomvu mweusi unaonata, nikifuta leo kesho umerudi, na shuka zikitoka zina alama ya mkono, mshauri, mkono wa vidole vinne, cha mwisho hakipo, na nyumba ile huwa kimya, ukungu umejaa dirishani, nazungusha mpini huku nahisi kuna mtu upande wa pili anazipokea shuka.

Nilipomweleza mume wangu Lameki akauliza nani mwingine ameingiza mkono katika jambo hili, nikasema ni mama mkwe, alinipa mafuta ya nguruwe niipake mipira kila Jumamosi. Mama akasema, "Mwanangu, mpini wa jembe tunaupaka mafuta usipasuke na baridi, nikadhani na mpira ni vilevile." Lameki akamjibu, "Umemwita mdogo wako atoke kaburini." Amempeleka Makambako kwa watu wasiomtaka, na mama alipopanda lori hakulia, alinishika tu mkono akanisalimu kwa kwetu, "Kamwene, mwanangu, fua salama." Sina amani, ila nami naona Hulda ni mchawi. Nifanyeje?

Tabea, kijijini Yakobi

JIBU

Pole, Tabea. Hofu yako naielewa, lakini leo nitakugombeza.

Mafuta huyeyusha mpira. Mafuta ya nguruwe, samli, hata mafuta ya taa, yote ni sumu kwake; mpira hulainika, ukageuka ulimbo. Mama mkwe wako alikupa dawa ya jembe kwa kitu kisicho jembe, na kosa lake limeishia hapo. Legeza skurubu ya juu, osha mipira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche, futa kwa kitambaa bila kukwaruza, suuza, kausha, kisha nyunyiza unga wa chaki. Ukimaliza kazi usiiache imebanana. Ikiwa imekwisha kuharibika, mwambie memsahibu ukweli kabla hajaugundua mwenyewe.

Na huo mkono? Ni wako, Tabea. Jiangalie unapoingiza shuka. Tangu Idda aumie unakunja kidole cha mwisho kwa woga, kiganja kimejaa ulimbo, unashika shuka, alama inabaki. Nimejuaje? Pembeni mwa barua yako kulikuwa na alama hiyohiyo, nyeusi, ya vidole vinne. Umekunja kidole hata ulipokuwa unaniandikia! Halafu unamwacha mwanamke mzee aitwe mchawi, aliyekutakia heri akiwa juu ya lori.

Hapo ndipo nilipotaka kuweka nukta. Lakini nasema kulikuwa na alama pembeni kwa sababu sasa haipo pembeni. Barua nimeiweka chini ya kioo cha meza yangu na hakuna aliyeigusa. Siku barua ilipofika, alama ilikuwa kwenye pembe, juu ya tarehe. Juzi niliikuta katikati ya ukurasa. Leo imefika chini kabisa, imetulia juu ya neno lako la "mchawi", imelifunika hata halisomeki. Nimesugua kioo kwa sabuni. Alama iko upande wa ndani.

Sina maelezo, na sitakudanganya kuwa ninayo. Idda alikuwa mdogo wake Hulda. Panda lori la kwanza, wewe na Lameki, nendeni Makambako mkamwombe mama msamaha na kumrudisha nyumbani. Mashine utaisafisha ukirudi.