Gauni la Harusi la Bibi

Baba Watoto na wanangu,

Wali uko kwenye sufuria, upasheni moto. ~~Bibi keshakula.~~ Bibi hajala, nilisahau. Jirani amekaa naye.

Picha ya harusi yake iliyo mezani msiiguse. Asubuhi niliiegemeza kwenye chupa ya chai, nikawa naichora kwa kalamu za rangi ili tumtundikie chumbani. Yeye kakaa pembeni, kimya, kama alivyo tangu augue. Picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe, basi gauni nikalipaka kijani, maana wewe Baba Watoto uliapa kabisa ni la kijani, utadhani ulialikwa kwenye harusi ya mama yako!

Mara nikasikia, "Jekundu."

Nikadhani ni redio. Redio imezimwa! Kugeuka, Bibi ameunyooshea kidole mchoro wangu, kakunja uso. "Lilikuwa jekundu. Nani kakwambia kijani?"

Jamani! Mwaka mzima hajatoa neno, halafu la kwanza ni kunigombeza! Nililia huku nacheka, kalamu zote zikamwagika chini. Ziokoteni.

Msimzunguke kama watu wa msibani. Mpeni uji, mmuulize viatu vilikuwa rangi gani, kisha mnyamaze mumsikilize.

Kalamu nyekundu imekauka, nimekimbilia dukani.

Baba Watoto, usikae kula. Pitiliza chumbani kwake. Ameshakuita mara mbili, kwa jina lako.

Mama, mchoraji aliyefokewa