Kipanga wa Kiuno Cheupe

Luhende, ndugu yangu,

Salamu naziruka, maana shikamoo yangu hukuwahi kunipa, na nilikuzidi miezi miwili. Leo nina hasira. Na wewe, na ndege wako, na haya macho yangu.

Tangu tukuzike, kamera yako ninayo mimi, mkeo kanipa. Kipanga wako wawili bado wana kiota kwenye mgunga nyuma ya nyumba yako, na pale hospitalini nilikuahidi kuwalinda. Sasa jirani yako Mama Kulwa anabebewa vifaranga na kipanga kila siku, na majirani wakasema mgunga ukatwe. Nikawazuia. Subirini, nimpige mwizi picha, nimlinganishe na picha zako za wale wa kiotani. Nani angebisha? Mimi mnunuzi wa mawe wa Maganzo, darasa la tano lakini nimefika Nairobi na Lusaka, natenganisha almasi na kipande cha chupa huku nakunywa chai!

Luhende, ndege kanidhalilisha. Jiwe unalishika, unaligeuza, unalielekeza kwenye mwanga. Huyu anapita! Picha chungu nzima, nusu mawingu matupu, nyingine bawa tu. Zilizofaa: kichwa kijivu, kifua michirizi. Wako nao vivyo hivyo. Mama Kulwa kanisimamia kichwani, "Baba Milembe, fundi wa macho, mbona unakodoa kama umeletewa barua ya mahakama?" Watu wakacheka. Nikaona haya, nikaropoka: ni wale wale, kateni.

Wanakata kesho asubuhi.

Mchana huu nikairudia picha moja niliyoiruka kwa ukungu wake. Ndege kageuza mgongo. Pale juu ya mkia ana kiraka cheupe, kama aliyekalia unga. Nikafungua zako zote, moja moja. Wako hawana! Kijivu kitupu mpaka mkiani. Wako wanakula mijusi tu, maskini, na mimi nimewahukumu.

Na ulishaniambia. "Acha kuwachungulia tumboni kama mawe, subiri wageuke." Nikakuita profesa wa kuku. Nilikubishia kwa raha, Luhende, nikijua kesho utaniambia tena. Sasa nani ataniambia?

Basi naenda kwa Mama Kulwa kusema mbele ya wote kwamba nimekosea. Neno hilo hata mke wangu hajawahi kulisikia. Watanicheka mpaka Mwadui. Tenga la kufunikia vifaranga nitamsukia mwenyewe, na wasiponielewa, nitapanda mgunga na miiba yake, wakate na mimi nikiwa juu.

Wabeja, ndugu yangu, kwa kunivumilia miaka yote ile. Pumzika. Nakwenda sasa hivi, kabla sijapata maneno ya kujitetea.

Baba Milembe