Chai ya Bi Zina, na Yako, Shangazi Muzdalifa

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipoifunga kompyuta yako, Shangazi Muzdalifa, ukasema unajinyoosha kidogo kabla ya adhuhuri, usiamke tena. Machi imerudi. Kuta za mtaa wetu wa Xiaobei, hapa Guangzhou, zinatoka jasho kama mwaka jana, na kioo cha dirisha lako kina ukungu hata mji wote unaonekana kama unaota.

Aila imenipa kalamu mimi, Ghalib, mwana wa kaka yako, kwa kuwa mimi ndiye mtungaji wa nyumba. Sikukataa. Nani mwingine angekuandika?

Kwenye soko la vitambaa la Zhongda bado wanakuulizia. Ulikuwa ukifumba macho, ukisugua kitambaa kwa vidole viwili, kisha ukimwambia mwenye duka, "Laoban, hii si pamba tupu, usinichezee." Naye alicheka, akakutolea ile aliyoificha nyuma. Wageni waliotoka Dar na Unguja na woga wao, wewe uliwashika mkono, ukawazungusha soko zima, na jioni ukawapikia. Ujuzi huo uliupata Ivanovo, mji wa viwanda vya nguo kule Urusi, ulikosomea ujana wako. Uliporudi na shahada, ulirudi na Kirusi pia, na Kirusi hakikukutoka.

Ndipo zikaja blogu. Kila asubuhi, kabla ya soko, ulikaa na kikombe chako ukisoma waliyoandika watu wa kule, ukatufasiria kwa Kiswahili kwenye blogu yako. Uliyempenda kuliko wote ni Bi Zinaida, mfumaji mstaafu wa Ivanovo, nasi tukamwita Bi Zina kana kwamba anakaa ghorofa ya chini. Aliandika juu ya paka wake, matofaa yake, mashine za kufuma zilizonyamaza. Hukuwahi kumwona. Ulisema pengine mlipishana darajani, wewe na koti lako la kuazima, yeye akitoka zamu.

Majira ya baridi yaliyotangulia kifo chako, binti yake aliandika kwamba mama amefariki. Ulilia, Shangazi. Mumeo, Bwana Abdulwakil, akashangaa.

"Muzda, unamlilia mtu wa kwenye kompyuta?"

"Namlilia jirani yangu."

Ukagundua kwamba wao nao wana arobaini kama sisi. Siku hiyo huweka picha ya marehemu, na mbele yake bilauri iliyofunikwa kwa kipande cha mkate. Ya kwao huwa na kileo. Wewe ukaweka chai ya tangawizi, juu yake kipande cha mkate wa ufuta, ukaenda kutawadha. Mumeo akaingia kutoka ofisi ya mizigo kwenye jengo la Tianxiu, ana njaa, akaula mkate na kuimaliza chai.

"Chai ya nani hii? Tamu!"

"Ya Bi Zina."

"Kwani kaja?"

"Bwana we, si amekufa! Leo arobaini yake!"

Alivyoruka! Alisukutua mdomo mara ngapi sijui, na wewe ukacheka mpaka ukakaa chini. Kisa hicho ukawaandikia wasomaji wa kule kwenye blogu yako, kwa Kirusi chao, wakacheka pamoja nawe katikati ya msiba.

Siku hiyo ndipo ulipoweka nadhiri. Utafasiri yote aliyoyaandika Bi Zina, tangu la kwanza hadi la mwisho. "Si adabu kumkatiza mtu mzima anaposema," ulituambia. "Watu wa kwetu wamsikilize mpaka anyamaze mwenyewe." Ulikuwa umekaribia mwisho, nawe ukakatizwa.

Hilo ndilo lililoninyima raha. Tulipokuzika nilisema nadhiri yako nitaimaliza mimi, na rafiki yetu Hafidh akanidhihaki mbele za watu: "Ghalib, waache Warusi na Urusi yao. Utakijulia wapi Kirusi, wewe mtu wa tungo?" Nikamwambia, "Mizani na vina nilijifundisha. Hizi nazo ni herufi tu, haziniumi." Nikalichukua kamusi lako lenye madoa ya chai, nikaanza.

Arobaini yako ilipofika nilikuwa bado nasoma kama mtoto wa chuoni, lakini siku ile mengi hayakuhitaji kusomwa. Tangazo la kifo chako tulilolibandika kwenye blogu lilikuwa limewafikia wasomaji wako wa kule. Nilifungua blogu yako nikakuta picha, moja baada ya nyingine, zilizotumwa na watu tusiowajua: bilauri za chai dirishani, mezani, kando ya theluji inayoyeyuka, kila moja imefunikwa kwa mkate. Chini ya picha ya binti wa Bi Zina palikuwa na mstari mmoja. Kwa kamusi ilinichukua mchana mzima kuuelewa: "Bwana Abdulwakil, hii usiiguse."

Nilimsomea mumeo. Alicheka, kisha akageukia ukutani.

Leo, Shangazi, nadhiri yako imetimia. La mwisho la Bi Zina limo kwenye blogu yako, kwa Kiswahili. Anasema baridi imemchorea maua kwenye kioo cha dirisha, binti yake anataka kuyafuta apate kuona nje, naye amemwambia, "Yaache, yataondoka yenyewe." Basi. Hapo ndipo aliponyamaza, na hakuna aliyemkatiza.

Nami nimekutungia ubeti:

*Kitambaa ulipima, kwa kidole na moyoni,*
*Na maneno ukafuma, yakatua vifuani,*
*Bi Zina kwetu kahama, toka kwao barafuni,*
*Ewe Shangazi karima, chai yako i mezani.*

Ni kweli iko mezani, ya tangawizi, na mkate wa ufuta juu yake. Mumeo amekaa mbele yake tangu alfajiri. Sasa hivi ameniuliza kwa sauti ya chini kama itakuwa vibaya akiinywa. Tumemwachia ainywe.

Unakumbukwa na mumeo Abdulwakil, binti yako Safia, kaka yako ambaye ni baba yangu, mimi Ghalib, jamaa wote wa Unguja na Guangzhou, na majirani zako wa Ivanovo.

Daima tutakukumbuka, Shangazi, na hatutakukatiza.