Mirathi ya Wakatamiwa

Jumatatu, 15 Desemba

Usaili umekwisha. Nimejibu maswali yote kwa ufasaha, isipokuwa moja, ambalo nalo nimelijibu kwa ufasaha kupita kiasi.

Nieleze kwa mpangilio. Kampuni ya bima, kule mji wa bandari. Nafasi: mchambuzi wa takwimu. Mkurugenzi ni Bwana Peguero – suti ya kijivu, tai ya zambarau. Nyuma ya kiti chake, mahali ambapo wakurugenzi wengine hutundika vyeti, imetandazwa bendera ya zambarau ya Pweza wa Bandarini, timu ya besiboli ya mji huo. Mikono minane, na kila mkono umeshika gongo. Nilijitahidi kutoitazama.

Tulizungumza kuhusu miaka yangu ya chuo Santo Domingo, tasnifu yangu na malengo yangu. Kisha akaegemea kiti na kuniuliza lile swali ambalo nchini humu mtu huulizwa kabla ya jina lake: wewe ni wa timu gani?

Mimi nimezaliwa mtaa wa kiwanda cha sukari. Nilibatizwa nikiwa na kofia ya kijani ya Wakatamiwa, mahasimu wa Pweza, kichwani. Padri alimwomba mama aivue, mama akamwomba padri aendelee na kazi yake. Na kinywa changu, kinywa hiki hiki, kikasema:

"Pweza, Mheshimiwa. Tangu tumboni."

Aliinuka akanipa mkono! Akataka maoni yangu kuhusu kikosi. Nikampa. Nilichambua warushaji wa Pweza mmoja baada ya mwingine: nani huchoka mapema, nani mpira wake wa kupinda haupindi tena tangu Novemba. Hakuna aijuaye timu kama adui yake. Bwana Peguero alinitazama kama mtu aliyeletewa chakula cha kwao akiwa ugenini.

Jibu kabla ya Krismasi, alisema.

Mama ameuliza usaili ulikwendaje. Nimesema vizuri. Ni kweli, kitaalamu.

Jumanne, 16 Desemba

Jioni, baraza dukani kwa Chago. Meza ya dhumna ilikuwa imejaa, lakini hakuna aliyecheza. Hesabu ilikuwa inawala watu: timu tatu zimekwisha kuingia kwenye mchujo, imebaki nafasi moja, Pweza wako mbele yetu kwa ushindi mmoja tu, na Jumapili tunakutana nao uwanjani kwao kufunga msimu.

Mjadala: nani adake mipira ya warushaji wetu, Wilkin Tejeda au yule Mmarekani aliyeletwa mwezi uliopita? Chago, aliyekuwa akimpimia mtu sukari, alitangaza kwamba Tejeda hapigi hata nzi. Mama akamnong'oneza apunguze sauti, kwa kuwa Mama Fredesvinda, mzazi wa Tejeda, alikuwa pale pale anachagua vitunguu. Mama Fredesvinda hakugeuka. Alisema tu kwamba anayetaka hodari wa kupiga anaye nyumbani, ndiyo maana hukawia kufunga duka. Mtaa mzima unamjua mke wa Chago. Kicheko kilifika barabarani.

Hapo nikasimama. Nimezoea kusimama ninapowasilisha hoja. Nilieleza kwamba thamani ya mdakaji haipimwi kwa gongo peke yake. Kwamba Tejeda huupokea mpira kwa namna inayomshawishi mwamuzi. Kwamba warushaji wetu wakiwa naye huruhusu pointi chache kuliko wakiwa na Mmarekani, na tofauti hiyo si ya bahati nasibu. Nilikuwa na takwimu. Nilikuwa na viwango vya uhakika.

Mwalimu Casilda, aliyefundisha historia nusu ya mtaa huu, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Kaa, mwanangu. Umeongea kama barua ya benki."

Nikakaa.

Ni yeye aliyeleta mazungumzo mabaya. Alikumbusha kwamba timu ikifa, wazima hugawana mirathi: tukitolewa, wale wanne waliosalia watachagua kutoka kwetu wachezaji wa kujiongezea nguvu. Je, Pweza wakimchukua mtoto wetu, mkono utapiga makofi au hautapiga? Watu walisogeza viti kana kwamba ametaja ugonjwa. Chago alisema hapa dukani hakuna wa kumshangilia Pweza, hata aliyevaa zambarau awe mtoto wa mama yake mzazi. Atakayeshangilia akanunue chumvi kwingine. Isitoshe, akasema, pweza ni wa kupondwa, ndipo alainike.

Nami niliitikia kwa sauti kuliko wote.

Jumatano, 17 Desemba

Bwana Peguero amepiga simu. Mimi na mama tulikuwa jikoni tukifunga mikate ya ndizi ya Krismasi kwenye majani. Nikakimbilia bafuni, nikafungua bomba, nikanong'ona kwa dakika ishirini kuhusu warushaji wa akiba wa Pweza. Anasema mke wake hataki tena kumsikiliza na kazini wanamwitikia tu kwa woga. Mimi nambishia. Hilo ndilo analolipenda kwangu.

Kuhusu kazi: tumebaki mimi na mwanamume mmoja mwenye uzoefu wa miaka sita. Ataamua Jumanne.

Nilipotoka, mama alikuwa akinitazama kwa upole usio wa kawaida.

"Anaitwa nani?"

Nikasema ni mambo ya kazi.

"Kazi haifunguliwi bomba, Yudelka. Mlete ale."

Jumamosi, 20 Desemba

Siku mbili zisizo na maandishi, kwa sababu ya furaha. Alhamisi tumeshinda. Jana tumeshinda, Pweza wakapigwa. Tuko sawa! Kesho mshindi anaingia mchujo na mshindwa anarudi nyumbani. Chago ameweka kipaza sauti mlangoni. Tejeda ametoa wakimbiaji watatu waliojaribu kuiba kituo, na Chago sasa anasema siku zote alimwamini.

Kisha, saa nane mchana, pikipiki. Bahasha kubwa kwa jina langu. Mama akaipokea kwa kuwa nilikuwa naoga.

Ndani: fulana ya Pweza, zambarau, na tiketi ya kiti cha jukwaa kuu. *Kesho utakaa na familia yangu. Peguero.*

Niliikuta imelazwa mezani, mama amekaa mbali nayo kidogo, mikono mapajani.

"Angekuwa mlevi," alisema, "ningejua la kufanya."

Ningeweza kumwambia kwamba huyu si mchumba, ni mwajiri. Lakini mchumba wa Pweza ni bahati mbaya tu, humpata yeyote. Binti aliyejiita Pweza mwenyewe, kwa hiari yake, mbele ya shahidi – hiyo ni dhambi ya aina nyingine. Nikamwacha aendelee kuamini ni mchumba. Mama akaikunja fulana vizuri, akaiingiza ndani ya foronya ili majirani wasiione.

Jumapili, 21 Desemba

Nimerudi. Sauti sina.

Nilivaa miwani ya jua na kofia pana. Upande wa pili wa uwanja, jukwaa la bei nafuu, kijani kitupu, ngoma, mtaa wangu wote. Nilimwona mama akipunga taulo. Mimi katikati ya zambarau: Bwana Peguero kulia, shemeji yake kushoto. Shemeji huyu, nimegundua leo, ni mmoja wa wasaidizi wa kocha wa Pweza, ingawa leo alikaa jukwaani kwa sababu ya adhabu ya kumtukana mwamuzi.

Zamu ya tisa, ya mwisho. Tuko nyuma kwa pointi moja. Wawili wametolewa, wa tatu akitolewa ndio mwisho wetu; mmoja wetu yuko kituo cha pili, na anayeingia na gongo ni Tejeda. Niliikalia mikono yangu. Alipiga mpira mrefu, mrefu sana, ukapanda, ngoma zikanyamaza, na mlinzi wao wa katikati akarudi nyuma, akarudi, akagusa ukuta kwa bega na kuudaka.

Kwisha. Msimu mzima.

Nikalia. Bwana Peguero akanikumbatia, akamwambia mkewe: mwone huyu, huyu ndiye shabiki.

Baadaye, kwenye maegesho ya magari, shemeji alikuwa akiwauliza watu kesho wachague nani katika mirathi yetu. Wote wakamtaja Mmarekani. Mmarekani! Ningenyamaza. Nilikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Lakini wapo wanaoweza kusikia upuuzi kuhusu timu yao wakaendelea kula njugu, na mimi si mmoja wao. Nikasema Tejeda. Nikasimama sawasawa na kuwasilisha hoja ile ile niliyoiwasilisha dukani, neno kwa neno. Tofauti ni kwamba hawa walisikiliza. Shemeji alitoa simu akaandika. Bwana Peguero alikuwa aking'aa kama aliyenizaa.

Nikiri: ilikuwa tamu.

Jumatatu, 22 Desemba

Pweza wamemchagua Tejeda. Chaguo la kwanza.

Dukani ni matanga na mahakama kwa pamoja. Mwalimu Casilda anadai makofi yanaruhusiwa Tejeda akiwa anadaka, lakini si akiwa anapiga, kwa sababu pointi ni ya timu ila mikono ni yake. Chago anasema hiyo ni falsafa ya wasaliti. Mama alipendekeza tumchukulie Tejeda kama sufuria iliyoazimwa na jirani: chakula ni chao, sufuria ni yetu. Karibu wakubaliane.

Kisha redio ikaharibu. Mtangazaji alisema Pweza walikuwa wamwendee Mmarekani, ila msaidizi mmoja wa kocha amesimulia kwamba binti mmoja mtaalamu, shabiki wao damu, ndiye aliyewageuza akili kwa takwimu.

Binti! Chago aliweka kisu cha jibini chini. Kwa hiyo si bahati, alisema, tumeibiwa kwa makusudi. Akaapa kwamba siku atakayomjua mwanamke huyo, yeye na ukoo wake hawatauziwa hapa hata kiberiti. Mama akasema, kwa huzuni ya kweli, kwamba binti wa namna hiyo bila shaka hana mama.

Mmoja tu hakulaani. Mama Fredesvinda aliingia amevaa nguo ya kanisani. Amemwashia mshumaa binti huyo, asiyemjua jina. Mwanawe angekaa nyumbani Januari nzima. Sasa atacheza mchujo, na mchujo hutazamwa na wageni wenye mikataba. "Popote alipo," alisema, "Mungu amwinue mbele za watu."

Nilinunua chumvi. Niliona ni busara kuwa nayo ya kutosha.

Njiani mama akanishika mkono. "Muulize huyo mchumba wako. Hao Pweza wanajuana wote."

Jumanne, 23 Desemba

Asubuhi, saa tatu. Simu.

Kazi ni yangu. Naanza baada ya Siku ya Wafalme, tarehe sita Januari. Yule mwenye uzoefu wa miaka sita hakufua dafu. Bwana Peguero alisema anahitaji mtu anayeweza kuwaambia watu wengi kwa pamoja kwamba wamekosea, na wakamshukuru. Nilijibu kwa maneno yaliyopangika.

Halafu akasema ana zawadi. Leo adhuhuri shemeji yake atahojiwa kwenye kipindi cha michezo, na atanitaja. Hadharani. Nchi nzima isikie ni nani aliyeona thamani ya Tejeda. Wanahitaji tu kujua jina langu lisomwe vipi.

Nilikuwa na njia. Ningesema naona haya. Ningesema mimi ni mtu wa nyuma ya pazia, kampuni ya bima hupenda unyenyekevu. Ningeweza hata kumwambia ukweli, na kumwachia aamue kama kiti ni cha Pweza au cha mchambuzi. Haya yote niliyafikiria, kwa mpangilio, huku nikijisikia nikitamka polepole ili aandike: Licenciada Yudelka Frómeta Lluberes. Majina yote mawili ya ukoo, tafadhali. Na "Licenciada", cheo changu cha shahada, isiachwe.

Sasa ni adhuhuri. Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la mchele, nyuma kabisa ya duka. Nimejaribu kumtoa mama hapa kwa sababu tatu tofauti. Hakutoka. Umeme, unaokatika kila siku saa hizi, leo umekaa kama mgeni aliyeahidiwa chakula. Shemeji amekwisha kusalimia wasikilizaji. Amesema binti huyo atamtaja baada ya matangazo. Tangazo la sabuni. Tangazo la rangi za nyumba. Mwalimu Casilda ameweka dau kwamba ni mtu wa Santo Domingo. Chago ameegemea kaunta, mikono kifuani, kama hakimu. Mama Fredesvinda ana rozari.

Tangazo la sabuni tena.

Mama amegeuka. "Yudelka, weka hiyo kalamu, uje karibu usikie." Na kwa kuwa watu wanapiga kelele, amenyoosha mkono juu ya rafu na kuongeza sauti ya redio hadi mwisho.