Kichupa Namba Kumi na Sita

Jumatatu, 1 Machi 2004

Plastiki ya akriliki imekataa tena! Eksrei zikipita kwenye mafuta ya ng'ombe hutawanyika kwa wingi kwenye pembe ya digrii tisa. Kwenye nyama, kumi na tatu. Akriliki kilele chake kwenye grafu kiko sita na nusu – wala haijaribu kufanana. Nailoni angalau ina adabu, imesogea karibu na mafuta. Tukipata plastiki inayofanana kabisa na mwili, mashine za hospitali zitajaribiwa juu yake, si juu ya watu.

Ami Girgis, fundi wetu, amekipangusa kigunduzi cha eksrei kwa leso yake mwenyewe. Anakisemesha kama mjukuu.

Muuza nyama: eti kila wiki nanunua mafuta na bado nimekonda, nawapa nani?

Jumatano, 3 Machi

Mama Mkubwa Wedad ana uvimbe titini. Kaniambia huku anachambua mchele, hata hakuinua uso. Ameujua tangu mwezi uliopita! Mwanamke huyu aliyenilea tangu mama afariki, aliyenipeleka hospitali kwa kikohozi cha siku mbili.

Upasuaji Jumamosi. Amesikia hospitali hutuletea maabara vipande vya upasuaji vya kupima. "Basi changu kije kwako, Nagla. Kwa nini kitupwe?" Fomu keshasaini.

Alhamisi, 4 Machi

Nimemweleza Dakta Samiha, msimamizi wangu. Vipande huja na namba tu, akasema, na namba itabaki namba. Tena nisithubutu kusoma ugonjwa kwenye grafu – tumepima ng'ombe na plastiki, basi. Hata nyama nzima ya titi, isiyo na ugonjwa, ile yenye nyuzinyuzi, kilele chake huangukia karibu na kumi na tatu, kama cha uvimbe. Majibu ni ya daktari wa hospitali.

Nimekubali. Nimekubali haraka mno.

Jumamosi, 6 Machi

Ametoka salama. Alhamdulillahi! Neno la kwanza: supu yao haina chumvi. La pili: nimekula? Majibu Alhamisi.

Jumatatu, 8 Machi

Sanduku la barafu limefika. Vichupa vitatu: 14, 15, 16. Kimoja ni cha Mama Mkubwa, sijui kipi.

Kumi na nne – kilele digrii tisa. Mafuta matupu. Nikamkumbatia Ami Girgis, maskini, miwani ikamtoka.

Kumi na tano – kumi na tatu. Nilikaa.

Naandika hapa kwa kuwa sina wa kumwambia: niliomba kumi na tano awe mtu mwingine. Mama mkubwa wa mtu mwingine. Niliomba kwa moyo wote, kisha nikanawa mikono kana kwamba nimeiba.

Kumi na sita ni kesho.

Jumanne, 9 Machi

Naandika kwenye benchi la korido. Taa nyekundu ya mlango inawaka, kumi na sita yumo ndani.

Na Mama Mkubwa amekuja! Karuhusiwa jana jioni tu. Bendeji kifuani, ngazi za ghorofa mbili, na sufuria ya majani ya mzabibu yaliyojazwa mchele. Nimefoka. Akauliza tu, "Nimo humo?"

"Sijui. Mko watatu."

"Umekula mkononi mwangu miaka ishirini, na hunitambui?" Akacheka, akajishika kifua.

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote – kumi na tano, na dua yangu. Nilidhani atanikemea.

"Hata mimi nimeomba hivyo hivyo," akasema. "Kule wodini, nikimtazama wa kitanda cha pili. Tena jana nilimsuka nywele."

Tukakaa. Akanifungulia sufuria.

Ami Girgis ametoa kichwa mlangoni. Digrii tisa imepita, anasema, na hakuna kitu. Sasa iko kumi na moja. Grafu inapanda. Nije nione, anaita.

Nimesimama. Mama Mkubwa amenishika mkono wa koti.

"Inapanda ndiyo nini?"

Namkumbusha maneno ya Dakta Samiha: hata nyama nzima hupanda pale. Ni kweli. Nayasema mara mbili.

"Basi kaa," anasema, "useme mara ya tatu, na safari hii unitazame."

Nimekaa. Hajauachia mkono wa koti, na mimi naandika kwa mwingine, vibaya, huku nikitafuta pa kuyaweka macho