Maji kwenye Paja la Ngamia

Jumanne, 1 Machi 1966
Nimenyoa. Nimevaa shati la kazini, nikafunga vifungo vyote, ndipo nikakumbuka sina kazi. Miezi mitano sasa.

Nimepita posta. Hakuna jibu la rufaa. Nimerudi kwa Abti Gedi, mjomba wa mke wangu Habiba. Ndiye aliyetupokea tulipotolewa nyumba ya serikali. Habiba alifia hapa, Januari, kwa homa. Mkeka wake bado umekunjwa pembeni. Sijalia. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 4 Machi
Naandika mambo yalivyokuwa, nisije nikababaika mbele ya wakubwa.

Nilikuwa karani wa zizi la serikali. Kijiji kikishukiwa kuwalisha waasi wa shifta, ngamia wake huletwa pale. Afisa wangu aliandika kwamba ngamia wa Eedo Shamsa, shangazi kama tunavyomwita sote, mjane wa ng'ambo ya mto, wamekufa kwa ugonjwa. Baada ya siku chache niliwaona mtoni, wakinywa na kundi la mfanyabiashara rafiki yake. Walikuwa na chapa mpya pajani. Nikawaandikia wakubwa Nairobi. Barua ikarudi hadi mezani kwa Afisa yuleyule. Nikafukuzwa. Eti nimetoa siri, eti nawasaidia shifta.

Habiba ndiye aliyeniambia niandike. Alikuwa akiponda iliki. "Si unajua kuandika?" Hakusema zaidi.

Jumatano, 16 Machi
Jibu limefika. Baraza la rufaa litakuja na msafara wa malori mwezi ujao. Nimesoma, nimekunja, nimeweka ndani ya Msahafu.

Jumatatu, 28 Machi
Afisa amemtuma tarishi na karatasi. Nikikiri kwamba nilikosea, narudishiwa kazi na nyumba. Imepigwa taipu vizuri.

Abti Gedi akasema, "Tia sahihi, kijana. Ukweli haukamuliwi."

Naitaka ile nyumba. Ukuta wa jikoni ulikuwa na doa jeusi, pale Habiba alipozoea kufukiza vibuyu vya maziwa. Nilitaka kulisugua, akanikataza. Alisema nyumba isiyo na moshi ni ofisi.

Sikutia sahihi. Si ujasiri. Mkono haukwenda tu.

Alhamisi, 14 Aprili
Wazee watatu wa baraza, darasani shuleni. Afisa alisema ngamia walikufa, na niliowaona mimi ni wengine. Mwenyekiti akaniuliza nina ushahidi gani. Nikaomba twende mtoni saa ya kunywesha, na ndoo moja.

"Karani anataka kuwatawadhisha ngamia," alisema Afisa. Wakacheka. Mwenyekiti pia. Lakini akainuka.

Nilimchagua ngamia katika kundi la yule mfanyabiashara, nikammwagia maji pajani. Manyoya yakalala. Chini hakuna kitu. Nimekosea. Hakuna aliyecheka tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Eedo Shamsa alikuwa nyuma na wanawake wengine. Akaniita kwa Kisomali, bila haraka. "Mwanangu, huyo ni wa watu. Wangu ana sikio lililochanika. Huna macho?"

Nikamtafuta mwenye sikio hilo. Nikamwaga maji. Manyoya yakalala, na ndani ya chapa mpya ikatokea ya zamani, mstari mwembamba usio na nywele, umepinda kama ndoana. Mwenyekiti akavaa miwani. Akaufuata kwa kidole, mwanzo hadi mwisho. Akamwuliza Eedo chapa yake ikoje. Eedo akaichora mchangani kwa fimbo. Ndiyo hiyo.

Afisa alikuwa akiangalia mto.

Kovu la zamani halioti manyoya, na maji hulifichua. Habiba alinifundisha hilo mwaka tuliooana, kwa ngamia wa baba yake. Alinilowesha na mimi, makusudi.

Jumanne, 17 Mei
Nimerudishwa kazini. Barua fupi. Afisa amehamishwa. Nasikia ni kituo kizuri.

Eedo Shamsa amepata ngamia watatu. Wengine walishachinjwa. Abti Gedi amechinja mbuzi, anawaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyenikataza kutia sahihi. Nimemwacha. Nimekula kidogo.

Jumamosi, 21 Mei
Nimepewa ufunguo. Nyumba imepakwa chokaa, vyumba vyote. Jikoni kweupe. Nimesimama na mkeka wa Habiba kwapani, sikujua niuweke wapi.

Kisha nikachota maji kwa kikombe, nikamwagia ukuta, pale karibu na mafiga. Chokaa ikalowa. Doa likatokea polepole, la kijivu, upana wake uleule.

Nimetandika mkeka, nimekaa nikiangalia mpaka ukuta ukakauka. Halafu nikachota kikombe kingine.